Makanisa ya pwani ya Normandie: anza na kalenda ya maji, kisha usome kuta

SWALI: Naishi Brussels. Mwezi wa Mei mama yangu anakuja kutoka Moshi. Ana miaka 71 na goti lake moja linamsumbua. Anatamani sana kuuona Mont-Saint-Michel, ule mlima wa ghubani wenye abasia (makao ya watawa) kileleni, pamoja na makanisa ya kale ya pwani ya Normandie, kaskazini mwa Ufaransa. Tuna gari na siku tano. Tuanzie wapi, yapi tusiyakose, nitatambuaje umri wa kanisa bila kiongozi, na ile bahari inayosemwa kuwa ni ya hatari tuiogope kiasi gani?

JIBU: Mfikishie mama shikamoo. Naanza na swali lako la mwisho, maana ndilo linaloamua mengine. Kabla hujalipia chumba hata kimoja, tafuta kalenda ya maji kujaa na kupwa ya ghuba ya Mont-Saint-Michel. Wengi hupanga safari kwa kufuata siku za likizo, wakafika pale wakakuta mchanga mtupu kila upande, au wakakuta watu wamezuiwa darajani kwa sababu maji yamepanda. Vyote viwili vinaepukika kwa kutazama jedwali dakika tano.

Katika ghuba ile, bamvua kubwa (maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo) huleta tofauti ya mita 14 hivi kati ya maji kujaa na kupwa. Mombasa tofauti hiyo ni kama mita 4. Wimbi la Atlantiki huingia katika bahari ya Manche, iliyoko kati ya Ufaransa na Uingereza, likakutana na rasi ya Cotentin inayochomoza kuelekea kaskazini. Likikosa njia, maji hurundikana kwenye pembe ya ghuba, na sakafu ya ghuba yenyewe ni bapa na ya kina kifupi. Ndiyo maana maji yakipwa huenda mbali kabisa, upeo wa macho, na yakirudi hurudi upesi, tena hupitia mifereji iliyo nyuma ya mtu kabla hajayaona mbele yake.

Wafaransa hupima ukubwa wa maji kwa namba kuanzia 20 hadi 120, nayo huandikwa kwenye jedwali kando ya saa. Namba 45 ni maji mafu ya kawaida, yaani yanayojaa na kupwa kidogo tu, na 95 ni bamvua ya kawaida. Zinazozidi 110 ni zile bamvua kubwa, ambazo mara nyingi huja karibu na Machi na Septemba, mchana na usiku vinapolingana. Chini ya 70 hivi, bahari haifiki kabisa kwenye kuta za Mont. Ikizidi 110, ncha ya mwisho ya daraja humezwa kwa muda, mabasi husimama, na mlima huwa kisiwa tena. Kwa mama mwenye goti bovu nakushauri uchague siku yenye 90 hadi 100: mtayaona maji yakiuzunguka mlima, na hamtazuiwa njiani.

Kuna jambo ambalo jedwali halikuambii waziwazi. Katika ghuba hiyo maji ya bamvua hujaa asubuhi na jioni, na katikati ya mchana huwa yamepwa. Anayekuja mchana na kuondoka saa tisa hayaoni kamwe, hata siku ya namba 100. Lala karibu, mfike darajani muda wa saa mbili kabla ya maji kujaa kabisa. Tena hakikisha kama jedwali uliloshika limeshaongeza saa za majira ya joto. Baadhi ya majedwali huandikwa kwa saa ya dunia, na mwezi wa Mei Ufaransa iko mbele yake kwa saa mbili.

Kutembea mchangani kwenda Mont kwa miguu, kutoka upande wa Genêts, ni safari ya kilomita saba hivi kwenda tu, peku, mkivuka mito. Msiende bila kiongozi mwenye leseni. Mchanga wa pale ni laini sana, umechanganyika na tope, na palipo na maji chini yake hugeuka topetope. Mtu hadidimii mpaka kichwani, lakini hunaswa mguu, na maji yanayorudi ndiyo yanayoua. Aliyenaswa asisimame wima akavuta kwa nguvu. Aketi au alale chali ili uzito wake utawanyike, kisha autikise mguu polepole mpaka utoke. Ukungu ni hatari ya pili, kwa kuwa huficha mlima wenyewe na mtu akapoteza upande. Mama yako atabaki darajani, na kutoka darajani ndipo mlima unapopendeza zaidi.

Sasa njia. Kwa kuwa mnatoka Brussels, anzieni Dieppe, ambako kwa gari ni kama saa tatu na nusu, mshuke na pwani kuelekea magharibi, mmalizie Mont-Saint-Michel. Siku ya kwanza Dieppe na Varengeville, mlale Fécamp. Ya pili Fécamp, Étretat na Le Havre, mlale Honfleur. Ya tatu Honfleur na Caen, mlale Bayeux. Ya nne Bayeux asubuhi, kisha Mont jioni, mlale karibu na daraja. Ya tano Mont tena asubuhi na mapema, halafu nyumbani, na hiyo ni safari ndefu ya zaidi ya kilomita 600. Mpango huu una sababu nyingine. Mkiufuata mnapita katika aina zote za vitu vilivyojengea makanisa ya pwani hii: gumegume na chaki, zege, mbao, jiwe la chokaa la Caen, na mwisho graniti. Kule kila mji ulijenga kwa kile kilichopatikana karibu au kilichoweza kubebwa kwa mashua. Mtu akijua ukuta umetokana na nini, nusu ya historia ya kanisa ameshaielewa.

Dieppe ingieni kanisa la Saint-Jacques, lililojengwa kati ya karne ya 12 na ya 16. Mahujaji kutoka Uingereza waliokuwa wakienda Santiago nchini Hispania walishukia bandari hiyo, ndiyo maana kanisa likapewa jina la Mtume Yakobo. Tafuteni, kwenye njia inayozunguka madhabahu upande wa kaskazini, ukanda wa sanamu za jiwe ulio juu ukutani. Unaonyesha watu wa nchi za mbali ambazo mabaharia wa Dieppe walizifikia mwanzoni mwa karne ya 16: wenye manyoya kichwani, wengine na silaha zao, wengine na watoto. Watu wa Brazil hutambulika kwa urahisi. Kuhusu wengine, wanaotajwa kuwa wa Afrika na wa visiwa vya Bahari ya Hindi, wataalamu bado wanajadiliana. Mwenye meli mkubwa wa zama hizo aliitwa Jean Ango. Ndugu wawili, Jean na Raoul Parmentier, waling'oa nanga Dieppe mwaka 1529 wakapitia Madagascar hadi Sumatra, na huko wote wawili wakafa. Mtu aliyetoka upande wetu wa Bahari ya Hindi ana sababu ya pekee ya kusimama mbele ya jiwe hilo. Liko juu na mwanga ni hafifu. Chukueni darubini ndogo, au mpige picha kwa simu kisha mkuze.

Varengeville-sur-Mer iko kilomita chache magharibi. Kanisa la Saint-Valery limesimama ukingoni mwa jabali linalozidi mita 80 juu ya bahari, makaburi yakilizunguka. Mchoraji Georges Braque, aliyefariki mwaka 1963, amezikwa hapo, na ndani kuna kioo cha rangi alichokibuni yeye kinachoonyesha Mti wa Yese, yaani nasaba ya Yesu. Kanisa hili liko hatarini kweli. Wengi hudhani bahari ndiyo inayolila, kumbe bahari ni mkosaji mmoja tu kati ya wawili. Juu ya chaki kuna tabaka la mchanga na udongo wa mfinyanzi. Mvua hunyonywa na tabaka hilo, hulilegeza, likateleza kutoka juu. Wakati huohuo mawimbi huchimba mguu wa jabali kutoka chini. Kwa wastani majabali ya sehemu hii ya pwani hurudi nyuma sentimita 20 hivi kwa mwaka, ila wastani huo unadanganya, maana jabali halimeguki kidogokidogo. Laweza kukaa kimya miaka kumi, kisha likaporomoka mita kadhaa kwa usiku mmoja, hasa baada ya mvua nyingi au baridi ya kugandisha. Uzio ukiuona umewekwa, usiuvuke hata kwa picha moja, na msikae chini ya majabali kula chakula.

Kuta za eneo hili mtaziona zina vipande vyeusi vinavyong'aa, vimepangwa kwa mistari katikati ya mawe meupe. Hilo ni gumegume, jiwe linalookotwa ndani ya chaki na ufukweni. Ni gumu mno na haliingizi maji, lakini haliwezi kuchongwa kona. Kwa hiyo wajenzi walilitumia kujaza ukuta, na pembe na madirisha wakayaweka jiwe la kuchongeka. Ukitaka kujua kama ukuta kama huo unatunzwa vizuri, tazama kiungo baina ya mawe. Cha asili ni chokaa, laini na cheupe, hupitisha unyevu nje. Palipozibwa kwa saruji, unyevu wenye chumvi hukosa pa kutokea isipokuwa kupitia jiwe lenyewe. Chumvi hukauka ikawa chembe ndani ya vinyweleo vya jiwe, zikavimba, uso wa jiwe ukabanduka magamba kwa magamba. Ni maradhi yaleyale yanayoharibu nyumba za matumbawe za Lamu na Mji Mkongwe zinapofunikwa na saruji, na dawa yake ni ileile: ng'oa saruji, rudisha chokaa.

Fécamp kuna abasia ya Utatu Mtakatifu, ambayo jina lake la huko ni la Trinité. Ina urefu wa mita 127, ukubwa wa kanisa kuu, katika mji mdogo wa wavuvi. Kanisa la awali liliunguzwa na radi mwaka 1168, na hili mnaloliona likajengwa baadaye kwa jiwe la Caen. Usihukumu kwa uso wake wa mbele, ambao ni wa karne ya 18 na haufanani na kilichomo ndani. Ndani wamezikwa watawala wawili wa Normandie, Richard wa Kwanza na Richard wa Pili, na waumini bado huja kuhiji Damu Takatifu inayohifadhiwa humo. Tafuteni saa ya mwaka 1667: pamoja na wakati na umbo la mwezi, inaonyesha maji ya bahari ya Fécamp. Kanisa la mabaharia lilihitaji kuwaambia watu wake siku na saa ya kutoka bandarini. Juu ya mji, kwenye rasi ya Fagnet, kuna kikanisa cha Notre-Dame-du-Salut walikosali waliokuwa wakienda kuvua chewa Newfoundland kwa miezi mingi. Gari linafika karibu, kwa hiyo mama hatapanda.

Étretat nitaipita upesi. Majabali yake yenye matao ni mazuri kama yanavyosifiwa, lakini mji ni mdogo na maegesho hujaa kabla ya saa nne asubuhi. Kikanisa cha juu kililipuliwa na Wajerumani mwaka 1942 na kilichopo ni kipya. Kanisa la kale zaidi ni lile la Notre-Dame, ndani kidogo ya mji, ambalo wengi hawafiki. Usiokote kokoto za ufukweni, ni marufuku na kuna faini: ndizo zinazovunja nguvu ya mawimbi. Na usiingie pango lililo mguuni mwa jabali bila kujua saa ya maji. Watu hukwama humo.

Le Havre wageni huikwepa kwa sababu wameambiwa ni mji wa zege. Nakusihi msiikwepe. Tarehe 5 na 6 Septemba 1944 ndege za Uingereza ziliusambaratisha katikati ya mji, na maelfu ya watu wakapoteza makao. Mbunifu Auguste Perret ndiye aliyepewa kazi ya kuujenga upya, na tangu 2005 mji huo umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Kanisa lake la Saint-Joseph lilijengwa kuanzia 1951 hadi 1957. Perret mwenyewe alifariki 1954, wenzake wakalimalizia. Mnara wake wa pembe nane una mita 107 na huonekana kutoka mbali baharini. Simameni katikati, chini ya mnara, mtazame juu: hakuna dari, uwazi unapanda moja kwa moja hadi kileleni, na kuta zote zimetobolewa na vioo vya rangi 12,768 vilivyobuniwa na Marguerite Huré. Rangi hutofautiana kwa kila upande wa dira na kwa kila kimo cha mnara, hivyo jua likisogea ndani hubadilika. Nendeni jua linaposhuka, siku isiyo na mawingu mengi. Madhabahu iko katikati na viti vimeizunguka, jambo lililokuwa la kipekee kabla ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano. Hakuna ngazi za kupanda, kwa hiyo mama akae tu kitini atazame. Kwa maoni yangu, kati ya majengo yote ya safari hii, hili ndilo linalogusa zaidi likikutana na mtu anayejua ni wafu wangapi linawakumbuka.

Zege nalo lina ugonjwa wake. Hewa ya bahari hupenyeza chumvi hadi kwenye nondo, nondo hushika kutu, kutu huvimba na kupasua zege kutoka ndani. Mkiona viraka vya rangi tofauti kwenye kuta za miji ya pwani, ni pale mafundi walipobandua, wakasafisha chuma na kujaza upya.

Kwenda Honfleur mtavuka Pont de Normandie, daraja la mwaka 1995 linaloning'inia kwa nyaya, nafasi ya mita 856 kati ya minara yake miwili. Wekeni kadi tayari kwa tozo.

Hapa sasa ningependa msimame muda mrefu. Sainte-Catherine ya Honfleur ni kanisa la mbao, lililojengwa nusu ya pili ya karne ya 15 baada ya vita vya miaka mia kati ya Ufaransa na Uingereza. Mji ulikuwa umechoka, jiwe lilikuwa ghali, na mafundi waashi walikuwa wakihitajika kila mahali. Waliokuwepo Honfleur ni mafundi wa meli, na msitu wa Touques ulikuwa jirani. Basi wakajenga walichojua kujenga. Ingia, inua macho: paa ni jahazi lililopinduliwa, mataruma yake, yaani mbavu zake, yakionekana yote kutoka mkuku (uti wa chini wa chombo) hadi ubavuni. Upana wa jahazi moja haukutosha watu, kwa hiyo mji ulipokua, kabla ya karne kuisha, wakaongeza la pili sambamba na la kwanza. Ndiyo maana kanisa lina kumbi mbili kuu, na ukiingia hujui katikati ni wapi. Angalia nguzo za mwaloni zilivyosimama juu ya vitako vya jiwe visivyolingana kimo: miti haikuwa na urefu mmoja, na fundi alisawazisha kwa jiwe badala ya kukata mti mzuri. Jiwe hilo pia huzuia unyevu wa ardhi usipande kwenye mbao, na bila hilo miguu ya nguzo ingekuwa imeoza zamani. Tazama kwa karibu nyuso za mbao, utaona alama za tezo.

Mnara wa kengele haukuunganishwa na kanisa. Uko ng'ambo ya uwanja, peke yake, umeegemezwa kwa magogo ya mwaloni na kuvikwa vigae vya mbao. Sababu ni mbili na zote ni za kifundi. Kengele zikipigwa hutikisa, na mtikisiko ule ungelegeza maungio ya paa jepesi la mbao. Tena radi hupenda kitu kirefu, na mnara ukiwaka moto, heri uwake wenyewe bila kuliteketeza kanisa. Msiende Jumamosi asubuhi, maana soko huufunika uwanja wote na hamtauona mnara vizuri.

Caen ndiyo shule ya swali lako kuhusu umri. Kanuni za msingi ni chache. Tao la duara, kuta nene na madirisha madogo: mtindo wa Romaneski, kuanzia karibu mwaka 1000 hadi 1150. Tao lenye ncha na madirisha makubwa: Gothiki, kutoka hapo kuendelea. Mawe ya dirisha yakichongwa kama ndimi za moto, umefika karne ya 15 au mwanzo wa 16. Lakini kanisa ni nadra kuwa la zama moja, kwa hiyo usiulize kanisa lina miaka mingapi. Uliza ukuta huu, dirisha hili. Anzia nje, mbele ya mlango wa magharibi wa Saint-Étienne, kanisa la Abasia ya Wanaume. Uso wake ni wa karne ya 11, wazi, hauna pambo karibu lolote. Inua macho: vilele vya minara viliongezwa karne ya 13. Ingia: matao ya chini ni ya duara, ya zama za mwanzilishi. Dari la mawe lenye mbavu ni la karibu 1120, maana mwanzoni palikuwa na paa la mbao. Endelea mbele hadi madhabahuni na matao yanabadilika kuwa ya ncha, kwa sababu upande wa mashariki ulijengwa upya karne ya 13. Umetembea miaka mia mbili ndani ya jengo moja.

Mwanzilishi ni William, mtawala wa Normandie aliyeiteka Uingereza mwaka 1066. Alikuwa amemwoa Matilda kinyume cha katazo la kanisa, na kila mmoja akajenga abasia kama malipizi: yeye hii, iliyowekwa wakfu 1077, na Matilda ile ya Wanawake, iliyowekwa wakfu 1066. Kaburi la William liko mbele ya madhabahu, ila liliporwa katika vita vya dini na baadaye wakati wa Mapinduzi. Kilichobaki ni mfupa wa paja. Mwaka 1944 mji ulipokuwa ukipigwa mabomu, maelfu ya wakazi walijihifadhi ndani ya Saint-Étienne, na jengo likapona. Jiwe lenyewe, la rangi ya maziwa mabichi, hukatwa chini ya mji huohuo. Likitoka ardhini huwa laini kuchongwa, kisha likikauka hukakamaa, na kwa kuwa mto ulifika baharini lilipakiwa na kuvushwa hadi Uingereza, kujenga Mnara wa London na kanisa kuu la Canterbury.

Bayeux, kanisa kuu liliwekwa wakfu tarehe 14 Julai 1077 mbele ya William. Shukeni kwenye kripta, yaani chumba cha ibada kilicho chini ya sakafu ya kanisa, sehemu ya kale zaidi, ikiwa goti litaruhusu. Nataka ujue mapema ili mama asivunjike moyo: jumba la ule mtarizo mashuhuri wa karibu mita 70, unaosimulia utekaji wa Uingereza, limefungwa tangu Septemba 2025 kwa ujenzi, na linatarajiwa kufunguliwa tena 2027. Kama mtapata nusu siku ya ziada, badala yake endesheni hadi Angoville-au-Plain, kanisa dogo la kijiji kaskazini-magharibi. Juni 1944 waganga wawili wa jeshi la Marekani, Robert Wright na Kenneth Moore, walitibu humo majeruhi 80 hivi, Wamarekani na Wajerumani pamoja, na mtoto mmoja wa kijiji. Kwenye mabenchi bado kuna madoa ya damu. Mlango huwa wazi mara nyingi, na hakuna kelele za utalii.

Tufike Mont-Saint-Michel. Gari huachwa bara, kilomita mbili na nusu kutoka mlimani. Basi la bure huwapeleka hadi mita mia tatu na kitu kutoka lango. Kutoka hapo hadi abasia ni ngazi 350 hivi, za mawe yasiyolingana, na mvua ikinyesha huteleza. Sitakuficha: kwa goti bovu ni kazi. Njia nzuri ni kugawanya. Kituo cha kwanza kiwe kanisa la parokia la Saint-Pierre, kwenye barabara kuu ya chini, ambako mama anaweza kukaa na kusali bila tiketi. Akijisikia vizuri, pandeni polepole kabla ya saa tatu asubuhi, makundi hayajafika, mkipumzika kila penye ukuta wa kukalia. Achukue fimbo yenye mpira chini. Kushuka huumiza goti kuliko kupanda, kwa hiyo msimalize nguvu zote juu.

Simulizi ya kanisa yasema malaika Mikaeli alimtokea Askofu Aubert wa Avranches mwaka 708. Watawa Wabenedikti walikuja 966, na kanisa la juu likaanza kujengwa 1023. Shida ya wajenzi ilikuwa kwamba kilele ni chembamba na kanisa ni refu. Hawakukikata. Walikizungushia makanisa ya chini kila upande, yakawa miguu ya kubeba lile la juu, na sakafu ya kanisa ndiyo iliyogusa ncha ya mwamba. Ukiwa ndani ya kripta zile, jua kwamba umesimama kandoni mwa mlima, na uzito wote uko juu yako. Mpango huo uliwagharimu: ukuta wa kaskazini uliporomoka 1103, sehemu ya madhabahu ikaanguka 1421, nayo ikajengwa upya kwa Gothiki ya ndimi za moto. Mwaka 1776 nafasi tatu za mbele zilizokuwa zimedhoofika zikabomolewa, ndiyo maana mbele ya mlango pana uwanja mpana na mbele ya kanisa ni ya kisasa kuliko mwili wake. Upande wa kaskazini kuna jengo liitwalo Merveille, lililojengwa 1211 hadi 1228 kwa orofa tatu, vyumba vizito na nguzo nene chini, na juu kabisa bustani ya watawa yenye nguzo nyembamba zilizopangwa kwa kupishana. Kadiri unavyopanda, jengo huwa jepesi. Graniti yake ilisafirishwa kwa mashua kutoka visiwa vya Chausey, wakingojea maji yajae.

Mwambie mama jambo hili, maana litamfurahisha. Kilomita 20 hivi kutoka mlimani kuna kijiji cha Saint-Senier-de-Beuvron, alikozaliwa Alexandre Le Roy mwaka 1854. Huyo ndiye mmisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu aliyefanya kazi Bagamoyo, na mwaka 1890 alifuatana na Askofu de Courmont hadi Kilimanjaro, katika safari iliyozaa misheni ya Kilema. Baadaye akawa mkuu wa shirika zima. Kwa hiyo imani iliyofika Uchagani kwa njia ya Bagamoyo ililetwa na mtu aliyekulia jirani na mlima huu.

Mambo ya mwisho ya kiutendaji. Makanisa ya parokia huingiwa bure. Abasia ya Mont hulipiwa kwa kuwa ni mali ya serikali, isipokuwa walio chini ya miaka 18, na hufungwa Januari 1, Mei 1 na Desemba 25. Nunueni tiketi mapema kwa saa maalumu. Jumuiya ya watawa iliyopo huadhimisha misa mchana siku nyingi za juma, na anayekwenda kusali haingii kwa tiketi, ila ulizeni mlangoni saa ya siku hiyo. Tangu sheria ya 1905, makanisa yaliyokuwapo wakati huo ni mali ya halmashauri za miji na makanisa makuu ni ya dola. Hivyo mkikuta kanisa la kijiji limefungwa, msitafute paroko, ambaye pengine ana makanisa ishirini. Nendeni ofisi ya meya, au msome karatasi iliyobandikwa mlangoni, kwa kuwa mara nyingi ufunguo huwa kwa jirani. Jumapili asubuhi msipange matembezi ndani ya makanisa, pangeni misa. Na hata kama ni Mei, mama avae koti la upepo na sweta, kwa maana pale juu kwenye majabali ya Varengeville na kwenye kuta za Mont baridi ya bahari hupenya, na kwa mtu aliyezoea Moshi itampiga kwenye goti hilohilo.